Homa ya Ini B kwa Mjamzito: Mtoto Akingwe Lini?

Desemba 2025 kamati inayoishauri serikali ya Marekani kuhusu chanjo ilipiga kura kulegeza pendekezo lililodumu tangu 1991, kwamba kila mtoto achanjwe dhidi ya homa ya ini B mara anapozaliwa. Kwa mtoto ambaye mama yake amepimwa na kukutwa hana virusi, kamati ilitaka wazazi waamue wenyewe pamoja na daktari wao. Kwa mtoto wa mama mwenye virusi, au wa mama ambaye hali yake haijulikani, dozi ya kuzaliwa ilibaki palepale. Habari ya namna hii ikishapita kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu ya pili hudondoka njiani. Kinachomfikia msomaji ni kwamba Marekani imeacha kuchanja vichanga.

Afrika Mashariki mkanganyiko ni maradufu, kwa sababu kwa miaka mingi ratiba za kitaifa za Tanzania, Kenya na Uganda zimeianza kinga hii wiki ya sita, si siku ya kuzaliwa. Mjamzito akipimwa na kukutwa na virusi, kila mtu ana lake. Mmoja humwambia asinyonyeshe, mwingine humwambia ajifungue kwa upasuaji. Yupo wa kumtuliza kwamba mtoto atachanjwa akifikisha wiki sita, na yupo wa kumtuma duka la dawa akatafute sindano ya bei kubwa. Kauli hizi haziwezi kuwa kweli zote. Uchambuzi huu unazipanga, unaeleza kila moja imetoka wapi, kisha unazipima.

Ugonjwa unaohesabu umri

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi sugu ya homa ya ini B, na watu milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake. Kanda ya Afrika peke yake ilibeba asilimia 63 ya maambukizi mapya duniani. Uganda, utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta virusi kwa asilimia 4.3 ya watu wazima. Tafiti za wajawazito zilizofanyika Dar es Salaam na Mwanza zimekuta karibu wanawake 4 kati ya 100. Wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Hawakuwa na macho ya manjano wala maumivu, na wasingepimwa wasingejua.

Jambo la kushika kuliko yote kuhusu kirusi hiki ni umri wa mtu anapokipata. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hukishinda wenyewe: chini ya 5 kati ya 100 ndio hubaki nacho. Mtoto mchanga ni kinyume chake. Kati ya watoto 100 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 90 huishi nacho maisha yote, kwa kuwa kinga yao bado haijaweza kumtambua adui. Ini huharibika polepole kwa miaka 20 au 30 bila kelele, na wengine huishia kwenye ini lililosinyaa au saratani ya ini wakiwa katika umri wa kulea na kufanya kazi. Kwa hiyo anayemkinga mtoto siku ya kwanza anazuia kifo cha mtu mzima wa miaka 40.

Virusi humfikia mtoto vipi

Mara nyingi maambukizi kutoka kwa mama hutokea wakati wa kujifungua, mtoto anapokutana na damu na majimaji ya mama. Maambukizi ya tumboni yapo, lakini ni machache. Kiasi cha hatari hutegemea wingi wa virusi kwenye damu ya mama. Mama mwenye alama ya damu iitwayo antijeni e kwa kawaida ana virusi vingi mno. Katika nchi za Asia, bila kinga yoyote, watoto 70 hadi 90 kati ya 100 wa mama kama huyo huambukizwa. Mama asiye na alama hiyo ana hatari ndogo zaidi, ingawa si sifuri.

Hapa ndipo Afrika ilipotofautiana na Asia. Wajawazito wengi wa Kiafrika wenye virusi hawana antijeni e. Watoto wengi wa bara hili waliambukizwa baadaye, kati ya kuanza kutambaa na kuanza shule, kwa vidonda, mikwaruzo, wembe mmoja kutumiwa na wengi, na chale zinazochanjwa kwa kifaa kisichosafishwa. Kirusi hiki kinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado kikaambukiza. Lakini hakienezwi kwa kula sahani moja, kukumbatiana, wala kupikiwa na mwenye ugonjwa.

Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa mabishano yote yanayofuata.

Msimamo wa kwanza: wiki ya sita inatosha

Watetezi wa ratiba iliyozoeleka wana hoja yenye historia. Kenya, Uganda na Tanzania ziliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za kawaida za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikiwa ndani ya sindano ya mchanganyiko. Leo ni pentavalenti, inayokinga pia dondakoo, kifaduro, pepopunda na bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Wakati huo iliaminika kuwa watoto wengi huambukizwa baada ya miezi ya mwanzo, kwa hiyo wiki ya sita ilionekana bado mapema. Fedha nazo ziliamua. Gavi, muungano wa kimataifa unaozisaidia nchi maskini kununua chanjo, ulilipia sindano ya mchanganyiko, na kwa miaka mingi haukulipia dozi ya kuzaliwa. Na sindano ya mchanganyiko haipewi mtoto wa siku moja. Sehemu zake nyingine zimepangiwa kuanza wiki ya sita.

Nguvu ya msimamo huu inaonekana. Ratiba ni moja, safari za mama kliniki ni zilezile, na maambukizi ya utotoni yamepungua sana kila ilikofanyiwa kazi. Kosa lake ni kugeuza mafanikio kuwa hoja ya kusimama hapo. Kadiri pentavalenti inavyoziba maambukizi ya nyumbani na mitaani, ndivyo maambukizi ya chumba cha kujifungulia yanavyokuwa sehemu kubwa ya yale yanayobaki. Mtoto aliyekutana na virusi saa ya kuzaliwa, akichomwa sindano baada ya siku 42, amechanjwa dhidi ya ugonjwa ambao huenda tayari anao. Ratiba iliyokuwa na mantiki mwaka 2002 imezidiwa na mafanikio yake yenyewe.

Msimamo wa pili: pima mama kwanza, chanja anayehitaji

Hoja ya pili inavutia kwa wanaobana matumizi. Kama ni wajawazito 4 tu kati ya 100 wenye virusi, kwa nini uchanje watoto 100? Pima akina mama wote, watenge wanne, wachanje watoto wao. Faida yake ya kweli ni kwamba kipimo kinamsaidia mama mwenyewe. Bila kupimwa hajui kama ini lake linahitaji matibabu, wala mume na watoto wake wakubwa hawaitwi kupimwa. Kliniki za wajawazito tayari hupima VVU na kaswende, na WHO inazihimiza nchi kuunganisha maradhi hayo mawili na homa ya ini B katika mpango mmoja wa kukomesha maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Udhaifu unajitokeza ukiufuata mpango huu hatua kwa hatua. Tuchukue mfano wa kufikirika wa wajawazito 1,000, kati yao 40 wana virusi. Tuseme 8 kati ya 10 wanapimwa, majibu ya 9 kati ya 10 yanafika chumba cha kujifungulia, 8 kati ya 10 wanajifungulia kituoni, na 9 kati ya 10 ya watoto wanaostahili wanapata sindano kwa wakati. Kila hatua peke yake inaonekana nzuri. Zikizidishwa pamoja, watoto waliofikiwa ni 21 kati ya 40. Ukichanja wote bila kusubiri kipimo, hatua mbili za mwanzo zinaondoka, na wanaofikiwa wanakuwa 29. Hapo hatujahesabu kipimo kilichoisha stoo, kadi ya kliniki iliyoachwa kijijini, au mama aliyehudhuria mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minane. Na hata katika mpango huu, kila kituo kinachozalisha lazima kiwe na chanjo kwenye jokofu usiku na mchana, maana hakuna ajuaye mama yupi ataingia saa ngapi. Kinachookolewa ni sindano zenyewe, ambazo ndizo sehemu nafuu.

Msimamo wa tatu: kila mtoto, ndani ya saa 24

Tangu 2009 WHO imependekeza kwamba kila mtoto apate dozi ya kwanza haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 24, kisha dozi zake za kawaida zifuate. Dozi hii ni chanjo ya homa ya ini B peke yake, isiyo ya mchanganyiko, na bei yake kwa nchi zinazonunua kupitia mashirika ya kimataifa iko chini ya dola 1. Hufanya kazi hata baada ya mtoto kukutana na virusi, kwa sharti kwamba mwili uwahi kutengeneza kinga kabla virusi havijajijenga kwenye ini. Ndiyo sababu saa zina maana, na kila siku inayopita hupunguza faida.

Ushahidi wake ni wa miongo. Taiwan ilianza mwaka 1984 na watoto wa mama wenye virusi, ikapanua kwa wote miaka miwili baadaye, na saratani ya ini kwa watoto ikashuka. China, asilimia 9.7 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na virusi mwaka 1992. Mwaka 2006 ilikuwa asilimia 1. Wala si habari ya Asia tu. Gambia imechanja tangu 1986, Nigeria tangu 2004, na Namibia, iliyoongeza dozi ya kuzaliwa mwaka 2014, ilitambuliwa na WHO mwaka 2024 kwa hatua kubwa iliyopiga kuelekea kukomesha maambukizi haya ya mama kwa mtoto. Hata hivyo mwaka 2022 ni asilimia 18 tu ya vichanga wa Kanda ya Afrika waliopata dozi hiyo.

Vikwazo navyo ni vya kweli. Kwanza, watoto wanaozaliwa nyumbani. Tanzania na Kenya, karibu 8 kati ya 10 huzaliwa katika vituo vya afya, kwa hiyo wawili waliobaki wanahitaji mkakati wao. Indonesia imewapa wakunga sindano iliyokwisha kujazwa dozi moja ili waende nayo nyumbani kwa mzazi. Pili, mazoea ya kazi. Katika vituo vingi anayechanja ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na yeye hayupo Jumapili saa nane usiku. Bila kumkabidhi mkunga wa wodi ya wazazi jukumu hili, mtoto wa Ijumaa jioni atachanjwa Jumatatu. Tatu, chupa. Chupa ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, ina dozi nyingi na ikifunguliwa haikai, hivyo vituo husubiri watoto wakusanyike. Tabia hiyo ikihamishiwa kwenye homa ya ini B itaua maana ya saa 24, ilhali chanjo hii ina chupa za dozi moja. Nne, chanjo hii huvumilia joto kiasi lakini ikiganda imekufa, na kuwekwa karibu mno na barafu ni kosa linaloweza kupita bila kuonekana.

Kuna pia mpaka wa kisayansi. Kwa mama mwenye virusi vingi sana, chanjo peke yake haitoshi. Sehemu ya watoto wake wataambukizwa hata wakichanjwa kwa wakati.

Msimamo wa nne: mtibu mama ili kumkinga mtoto

Pengo hilo limejaribiwa kuzibwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni imunoglobulini, sindano ya kinga iliyotengenezwa kutokana na damu ya wachangiaji, ambayo mtoto huchomwa pamoja na chanjo, ikiwezekana ndani ya saa 12. Inafanya kazi. Lakini ni ghali, inahitaji ubaridi usiokatika, na katika hospitali nyingi za ukanda huu haipatikani. Familia yenye uwezo ikiipata, ni vyema. Sera ya taifa haiwezi kujengwa juu yake.

Ya pili ni tenofovia, kidonge kinachoshusha wingi wa virusi kabla ya uchungu kuanza. Mwaka 2020 WHO iliipendekeza kuanzia wiki ya 28 ya mimba kwa mama ambaye wingi wa virusi vyake ni yuniti za kimataifa (IU) 200,000 au zaidi kwa kila mililita ya damu, au mwenye antijeni e pale ambapo wingi wa virusi haupimiki. Mwaka 2024 ilikwenda mbele zaidi: mahali ambapo vipimo vyote viwili havipo, kila mjamzito mwenye virusi anaweza kupewa. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta maambukizi kwa watoto yamepungua waziwazi. Utafiti wa Thailand wa 2018 haukuona tofauti ya uhakika, lakini watoto wake walipata chanjo na imunoglobulini ndani ya saa chache mno. Ukiziweka tafiti hizi mbili pamoja, funzo ni moja: pale sindano ya mtoto inapowahi sana, kidonge cha mama huongeza kidogo, na pale sindano inapochelewa au imunoglobulini inapokosekana, kidonge hubeba mzigo mkubwa.

Tenofovia ni dawa nafuu, na iko kwenye rafu za vituo vyetu kwa kuwa ni sehemu ya dawa za kufubaza VVU. Hapo ndipo panapotokea jambo la ajabu. Mjamzito mwenye VVU, anayemeza kidonge chake kila siku, anatibiwa pia homa ya ini B kama anayo. Mwenzake asiye na VVU lakini mwenye homa ya ini B anaweza kutoka kituo kilekile mikono mitupu. Dawa ipo, ila mpango wa kumpa haupo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba yote hutegemea kupimwa mapema, kumeza kidonge bila kuruka, na kufuatiliwa baada ya kujifungua, kwa sababu virusi vinaweza kuchachamaa dawa ikisimamishwa. Na kidonge hakimkingi mtoto dhidi ya jamaa mwingine wa nyumbani mwenye virusi.

Mjadala wa Marekani unatuhusu kiasi gani?

Waliotaka mabadiliko Marekani wanasema wajawazito wengi hupimwa, wenye virusi hawafiki asilimia 1, kwa hiyo mtoto wa mama asiye na virusi hana haja ya kuharakishwa. Wapinzani wao wanajibu kwamba kabla ya 1991 nchi hiyo ilijaribu kuchanja watoto wa mama wenye virusi tu, na watoto wakaendelea kuponyoka: mama hakupimwa, jibu liliandikwa vibaya, au aliambukizwa baada ya kupimwa. Kila upande una hoja ndani ya mazingira yale.

Kuzihamishia hoja hizo huku bila kuzipunguza wala kuziongeza ni kosa. Nguzo mbili zinazoshikilia hoja ya wanaolegeza, yaani vipimo kwa karibu kila mjamzito na virusi kuwa adimu katika jamii, hazipo Afrika Mashariki. Hata huko hakuna aliyependekeza mtoto wa mama mwenye virusi asubiri wiki sita.

Kupima mizani

Misimamo hii minne husemwa kana kwamba ni lazima kuchagua mmoja. Ukitazama kila mmoja unategemea nini, mpangilio unajitokeza. Dozi ya kuzaliwa kwa wote haihitaji jibu la maabara, kumbukumbu ya kadi, wala uamuzi wa daktari. Inahitaji chanjo ndani ya jokofu na mkunga aliyepewa ruhusa. Kwa hiyo ndiyo msingi. Kipimo cha mama na kidonge cha tenofovia huja juu yake, kuwafikia watoto ambao chanjo peke yake haiwatoshi na kuokoa ini la mama. Pentavalenti ya wiki ya sita na zile zinazofuata hukamilisha kinga, wala haichukui nafasi ya dozi ya kwanza. Imunoglobulini ni nyongeza pale inapopatikana.

Gharama ya kuanza si ndogo: mafunzo, majokofu kwenye wodi za wazazi, na sehemu mpya ya kuandikia kwenye kadi ya mtoto. Lakini kisingizio cha zamani kimepungua nguvu, kwa kuwa Gavi ilifungua mlango wa kugharimia dozi ya kuzaliwa kwa nchi zinazoomba. Swali lililobaki mikononi mwa wizara za afya ni la utaratibu kuliko la sayansi.

Kwa mama mwenye jibu mkononi

Sera ikichelewa, mimba haisubiri. Mjamzito aliyekutwa na virusi aulize mapema kuhusu kupima wingi wa virusi na hali ya ini, na kama anahitaji tenofovia. Apange kujifungulia mahali penye chanjo ya homa ya ini B peke yake, na ahakikishe kabla ya uchungu kwamba ipo. Upasuaji haupendekezwi kwa sababu ya ugonjwa huu pekee. Kunyonyesha ni salama, na mtoto aliyechanjwa asinyimwe ziwa. Dozi za pentavalenti zikamilishwe, kisha mtoto apimwe akishatimiza miezi tisa. Mume na watoto wengine wapimwe, na wasio na virusi wachanjwe. Mama naye aendelee kufuatiliwa, maana ini lake lina haki ya kutazamwa hata baada ya mtoto kuwa salama.

Kwa muhtasari

Ratiba ya wiki ya sita ilikuwa uamuzi wa busara wa wakati wake, uliosukumwa na aina ya chanjo iliyokuwapo, fedha na namna ugonjwa ulivyokuwa ukienea. Sababu hizo zimebadilika. Kupima mama ni lazima, lakini kusiwe sharti la kumkinga mtoto. Tenofovia ni silaha nafuu inayokaa bila kutumika kwa kukosa mpango. Mjadala wa Marekani unahusu nchi yenye vipimo kila kona na wagonjwa wachache, hivyo si sababu ya sisi kungoja. Hukumu ya uchambuzi huu ni moja: kila mtoto anayezaliwa Afrika Mashariki apate dozi ya homa ya ini B ndani ya saa 24, na wizara zianze na zile wodi za wazazi ambako watoto 8 kati ya 10 tayari wanazaliwa.